Kijiti cha Kukorogea

Kazi yangu ilikuwa kuosha chupa za maabara, hapa Minnesota. Kwetu, kwa Waamishi, Wakristo wakulima wanaojitenga na mambo ya kisasa, shule huishia darasa la nane, na nilipoondoka kwa wazazi hakuna aliyenitaka ila Solveig, mtafiti wa maabara hiyo. Yeye ndiye aliyeniombea kazi. Aliniita "mdogo wangu".

Solveig alikuwa akitengeneza unga wa kusaidia dawa mpya ya figo, dawa ambayo ukiitia majini hutuama chini kama mchanga. Unga ukifaa, dawa hubaki imeyeyuka na maji hukaa maangavu kutwa nzima. Lakini punje moja tu ya dawa kavu ikiingia humo, nyingine zote huifuata, maji yakawa kama ya kuoshea mchele. Ndiyo maana kila chupa ilikuwa na kijiti chake cha kukorogea.

Asubuhi ya majaribio nilimsikia akiguna.

"Lo! Lovina, nimekoroga kwa kijiti cha dawa kavu!"

"Chupa zote?"

"Zote. Nyamaza, mdogo wangu. Mzee akija nitamwambia mwenyewe, nianze upya."

"Nani atanisikia mimi?"

Akacheka. "Kweli, hata ng'ombe wa baba yako wanakushinda kwa maneno."

Mchana akaja Dakta Lindquist, mkuu wetu. Maji yalikuwa meupe pe.

"Solveig, unga wenyewe ndio huu? Basi tuuache."

Nilijua sasa atasema.

"Unga hauna neno, mzee. Ni chupa. Lovina siku hizi anaosha mbio mbio."

Nilisubiri anitazame. Solveig akawa anafuta miwani.

"Ni kweli, Lovina?" mzee akauliza.

"Muulize kijiti alichokorogea," nikasema.

"Kijiti gani tena?" Solveig akauliza kwa upole, kama anayembembeleza mtoto. "Usiogope, mdogo wangu. Kila mtu hukosea."

Jioni nikakabidhi aproni, kazi yangu ikaishia hapo.

Jumapili Solveig alikuja kwangu na sinia la nyama na viazi vya kuoka, jina lake limebandikwa chini kama tufanyavyo hapa ili chombo kirudi kwa mwenyewe.

"Unga umepita," akasema mlangoni. "Nilijua utafurahi."

Sikuvionja. Niliwapa majirani, nikalisugua sinia hadi likang'aa, kesho yake nikampelekea maabara, mbele ya wenzake.

"Sinia lako, dada. Liangalie vizuri kabla sijaondoka, usije ukasema halikutakata."

Alilipokea, akaligeuza, akabaki ameinamia jina lake.