Nafasi ya Udongo Groningen

Kadri alikuwa mtafiti wa udongo wa vinamasi chuoni kwetu Tartu, Estonia, na kwa miaka saba meza yake na yangu zilitazamana. Mumewe Tõnis, mwanakemia, alikuwa amepata kazi Groningen, Uholanzi, mkataba wa miaka miwili. Miwili ikawa minne, minne ikawa sita. Kila Ijumaa baada ya chakula cha mchana Kadri alimpigia simu, wakasoma pamoja matangazo ya kazi za vyuo vikuu, wakitafuta mji mmoja wenye nafasi zao wote wawili.

"Hawa wanataka mtu wa volkano," nilimsikia siku moja. "Mimi na volkano wapi na wapi?"

Mwezi wa pili tangazo likatoka: mtafiti wa udongo, ajira ya kudumu, chuo kilekile cha Tõnis. Kadri alipiga kelele hadi fundi wa maabara akaja mbio akidhani kitu kimelipuka.

"Tulia, shoga," nikamwambia. "Wataomba watu mia mbili."

"Waombe tu. Hii ni yangu."

Barua ya maombi aliiandika upya mara kumi na moja. Najua kwa sababu nilizisoma zote. Tõnis alisema amebanwa na kazi, hakusoma hata moja. Hilo nililiona.

Akaitwa kwenye usaili. Jumanne moja ya mwezi wa tano wakampigia: kapata. Palepale akampigia mumewe, akaweka sauti ya juu ili nami nisikie.

"Tõnis! Wamenichukua!"

Akaisogeza simu karibu na mdomo.

"Unanisikia? Nakuja, mume wangu!"

"Hongera." Kisha, taratibu: "Kadri, nilidhani hawatakuchukua."

"Una maana gani?"

"Nimezoea kuishi peke yangu. Nilikuwa nangoja wakukatae, mambo yaishe yenyewe. Nisamehe."

Nikainuka nitoke. Kadri akanishika mkono wa sweta, nikakaa. Hakumtukana. Aliuliza tu, "Tangu lini?"

"Labda mwaka wa tatu."

Ijumaa zote zile, basi.

Wiki nzima nilimsihi asiende. "Nibaki nifanye nini?" akanijibu. "Mkataba wangu hapa unaisha Agosti. Nimetuma maombi arobaini na matatu, Maarika. Aliyenikubali ni mmoja."

Akaenda. Krismasi alirudi kumwona mama yake mjini Võru, akapita kwangu. Nikampikia soseji za damu na kabichi, chakula chetu cha Krismasi. Akaniambia kazi ni nzuri, wenzake wanamheshimu, na maabara ya Tõnis iko ghorofa moja juu yake.

"Mnaongea?"

"Tunasalimiana kwenye ngazi. Kwa Kiingereza, si kwa lugha yetu, maana huwa kuna watu."

Alisema hivyo akitabasamu, akakata kipande cha soseji, akakirudisha sahanini. Nikahamisha kiti changu upande wake wa meza. Tulikaa hivyo hadi chakula kikapoa, naye akilia kama mtu anayeona haya, bila sauti.