Kosa Lililopewa Jina la Rosebella

Mzee Kipkirui alishuka kwenye gari uwanjani mwa gereji, akafunga mlango, ufunguo akautia mfukoni. Rosebella, mmoja wa mafundi, alikuwa ameshanyoosha mkono kuupokea.

"Lennox yuko wapi?" mzee aliuliza.

"Ameitwa Plateau, kuna trekta imekwama huko. Atarudi mchana. Gari iko na shida gani, Mzee? Wacha niangalie."

"Hapana. Nitamngoja."

Akaenda kuketi kwenye benchi iliyoegemea ukuta wa mabati, koti lake zito likiwa limefungwa vifungo vyote. Alikuwa mwalimu mstaafu kutoka Sugoi, siku hizi mkulima wa mahindi na ng'ombe wa maziwa. Gari hiyo, Probox nyeupe, ilibeba maziwa asubuhi, na baadaye mkewe Hellen akaichukua kwa shughuli zake. Kwa kawaida mzee huyu akifika gereji hii ya Kiplombe, Eldoret, alisalimia kirefu, akauliza habari za mvua, za kanisa, za watu wa nyumbani. Leo alikuwa anatazama barabara.

Oili ilikuwa inadondoka chini ya gari. Rosebella aliinama akaona kokoto zimeshakuwa nyeusi.

"Mzee, hii inavuja sana. Hata hapa tu ikisimama, itaisha."

"Najua inavuja. Sikia, msichana yangu. Sitaki kukuvunjia heshima. Lakini Lennox aliniambia ni wewe ulikaza ile sensa ya oili mpaka ukaharibu pale inaingia. Alisema ameokoa vile angeweza. Sasa siwezi kukupa tena hiyo injini."

Rosebella alifikiri mzee amekosea gari, au amekosea mtu. Katika gereji ile mafundi walikuwa wawili tu, na yeye hakuwahi kufungua boneti ya Probox hii.

"Ilikuwa lini hiyo, Mzee?"

"Wiki ya Pasaka."

"Wiki ya Pasaka sikuwa Eldoret. Nilikuwa nyumbani Malava. Tulikuwa tunamzika mama."

Mzee Kipkirui alimgeukia. "Pole. Hilo hakuniambia."

"Labda alichanganya magari," Rosebella alisema, na akajisikia akimtetea Lennox kabla hata hajajua anamtetea kwa lipi. Ilikuwa mazoea. Lennox alikuwa mtoto wa jirani yao Malava. Alitangulia Eldoret, akapata kazi, na Rosebella alipomaliza chuo cha ufundi ni yeye aliyempigia simu akamwambia aje. Alimfundisha mambo ambayo chuoni hayakufundishwa. Walipokodi uwanja huu, Lennox mwenyewe ndiye aliyesema majina yao yote mawili yaandikwe kwenye geti. Na mama yake Rosebella alipofariki, Lennox alimwambia, "Nenda, kaa huko mpaka umalize. Kazi nitalinda." Siku ya mazishi Rosebella alisimama mbele ya watu, akashika maikrofoni, akamshukuru kwa jina. Aliwaomba wamwombee.

Mzee aliinuka, akatoa ufunguo. "Basi fungua. Lakini nitasimama hapa nione."

Injini ilikuwa bado na joto, wakangoja ipoe. Kijiti cha kupimia oili kilitoka karibu kikavu. Kisha Rosebella akaingiza mkono nyuma ya injini, mahali sensa ilipokaa. Ni kitu kidogo, hakizidi kidole gumba. Huingia kwenye tundu lenye nyuzi za skrubu ubavuni mwa injini, na presha ya oili ikishuka, huwasha taa nyekundu mbele ya dereva ili asimamishe gari. Kuitoa huhitaji spana. Hii ilizunguka kwa vidole. Ilitoka ikiwa imevikwa gundi ya kijivu, ile ya kuzibia matangi, na ndani ya gundi kulikuwa na vipande vya alumini vilivyong'oka kwenye tundu.

Waya wake haukuwa umeunganishwa. Ulikuwa umekatwa, ncha ikafungwa teipu nyeusi, na mwisho wa teipu ukakunjwa pembe ndogo ya kushikia siku ya kuibandua. Siku zote Lennox alifunga teipu hivyo. Alikuwa amemfundisha Rosebella naye afunge hivyo.

"Hiyo ni nini?" mzee aliuliza.

"Ni waya wa taa, Mzee. Umekatwa."

"Kwa hivyo taa haingewaka."

"Haingewaka hata oili ikiisha yote."

Mzee Kipkirui alivua kofia, akaishika kifuani. "Hellen alienda na hii gari Kitale wiki iliyopita. Peke yake. Alirudi akaniambia injini inapiga kelele, nikamwambia hakuna shida, imetoka kwa fundi." Alivaa kofia tena. "Unaweza kutengeneza?"

Rosebella alimulika tundu kwa tochi, akaliangalia kwa kioo kidogo, akapitisha kidole pole pole kando yake. "Naweza. Haijapasuka. Ni nyuzi tu ndizo zimekwisha."

"Tengeneza. Mimi naenda mjini kutafuta dawa ya ng'ombe. Nikirudi, nataka kumkuta huyo Lennox hapa."

Kwa tundu kama lile, dawa ni kulipanua, kulichonga nyuzi mpya, kisha kuingiza bushi, kipande cha shaba chenye tundu, ambacho ndani yake sensa itashika. Rosebella alivuka barabara kwenda kwa Mburu, fundi wa kukereza vyuma, akamweleza saizi anayotaka. Mburu aliwasha mashine yake, na shaba ilipoanza kuchongwa akauliza, bila ubaya wowote, "Hii ni ya yule mzee wa Sugoi? Ile ulikaza sana?"

"Nani alikwambia niliikaza?"

"Lennox. Si alikuja hapa Pasaka kutafuta gundi." Mburu alimwangalia usoni, akapunguza mwendo wa mashine. "Aliniambia nisikutajie, ati unaona aibu. Kama ile gearbox ya Mama Waiyego."

"Gearbox ya Mama Waiyego pia ilikuwa mimi?"

Mburu alirudi kwenye kazi yake, na Rosebella akasimama pale akimkumbuka Mama Waiyego, muuza kuku, aliyekuwa akimletea mayai na siku moja akaacha. Akawakumbuka wengine ambao wakifika getini waliuliza Lennox kwanza, na akitoka yeye wanasema watarudi baadaye. Alikuwa akijiambia ni vile hawajazoea fundi mwanamke, na watazoea.

Aliporudi gereji alipaka grisi kwenye chombo cha kuchongea nyuzi, ili mabaki ya chuma yanate hapo yasiangukie ndani ya injini. Akaanza kukizungusha, nusu mzunguko mbele, kidogo nyuma, anakitoa, anakifuta, anapaka grisi tena. Kazi hiyo haitaki hasira. Chombo kikienda upande, tundu linaharibika moja kwa moja. Alikuwa bado ameinamia injini boda ilipomshusha Lennox getini na sanduku lake la spana.

"Nani alikuambia uguse hii?" Lennox alisema.

Rosebella alinyoosha kiganja. Sensa ilikuwa juu yake, na gundi yake yote. "Ulimwambia Mzee ni mimi."

Lennox aliweka sanduku chini. "Bella, sikia. Ile sensa niliuziwa haikuwa saizi yake. Nikakaza, nikasikia imelegea ghafla tu mkononi."

"Hiyo hutokea. Hata mimi imeshanitokea. Mbona ulisema ni mimi?"

"Haukuwa hapa."

"Nilikuwa namzika mama."

"Ndiyo maana. Haukuwa hapa wa kuulizwa."

Alilisema kwa sauti ya chini, kama mtu anayetoa sababu nzuri. Rosebella aliuliza, "Na Mama Waiyego?"

Lennox alijipangusa mikono ambayo haikuwa michafu. "Wewe hujui hii mji bado. Nikisema ni mimi nimeharibu, wanahama, tunafunga. Nikisema ni wewe, wanasema, ah, ni msichana, atajifunza. Halafu wanarudi kwangu. Kazi inaendelea, na wewe pia unakula hapa. Mimi nilikuwa nalinda sisi wote."

Kama angekana, au angemfokea, Rosebella angejua la kufanya. Lakini alikuwa anamweleza kwa utulivu uleule aliokuwa akitumia kumfundisha kupanga valvu, na alionekana kungoja akubali. Rosebella aliona tena uwanja wa Malava, mahema, watu wakiinamisha vichwa kumwombea Lennox kwa sababu yeye aliwaomba. Alihisi aibu iliyoizidi hasira yake. Akageuka akaendelea kuchonga.

"Nikushikie tochi?" Lennox aliuliza baadaye.

"Usiiguse hii gari."

Alipomaliza nyuzi alichomoa waya za koili, zile za cheche, ili injini isiwake, akaizungusha kwa stata mpaka oili kidogo iliyobaki ikaruka kupitia tundu na kutoka na takataka yoyote iliyokuwa imebaki. Akaingiza bushi na dawa ya kuzuia kuvuja, akaiacha ishike. Akafunga sensa mpya, akaikaza kwa kiasi. Akabandua teipu, akaunganisha waya. Akabadilisha filta na oili yote.

Mzee Kipkirui alirudi jua likiwa limeshaelekea magharibi, upande wa mji wa Turbo. Rosebella alimwomba awashe mwenyewe. Ufunguo ulipogeuka mara ya kwanza, taa nyekundu ya oili ilitokea kwenye dashibodi. Injini iliponguruma, taa ikazimika. Waliacha injini izunguke muda mrefu, na chini kukabaki kukavu.

"Sasa niambieni," mzee alisema.

Lennox alisogea mbele. "Mzee, kulikuwa na kuchanganyikiwa kidogo hapa gereji, lakini vile unaona sasa..."

"Taja jina," Rosebella alisema.

Lennox alimtazama, na kwa mara ya kwanza siku hiyo alionekana kushangaa. Kisha akatazama chini. "Ni mimi, Mzee. Niliharibu."

"Na waya?"

"Ni mimi."

Mzee alitikisa kichwa. Rosebella alingoja. Hakujua anangoja nini hasa, labda neno moja tu lielekezwe kwake. Mzee alipomgeukia, macho yake hayakuwa laini.

"Na wewe unashinda na yeye hapa kila siku. Hukujua ni mtu wa aina gani?"

Mzee alilipia kazi, akaingia garini. "Mimi nitatafuta mahali pengine. Nyinyi mmalizane."

Jioni ileile Rosebella alikusanya vyombo vyake. Lennox aliketi kwenye benchi akimtazama, akasema watu wakigombana si lazima watengane, na kwamba kesho Rosebella atakuwa ametulia. Hakuomba msamaha. Baadaye aliuomba, kwa ujumbe wa simu, na akamtuma Emmaculate, mwenyekiti wa akina mama kanisani, aje kuongea naye.

"Nyinyi ni watu wa nyumbani moja," Emmaculate alimwambia. "Msamehe mrudi kazini."

"Kumsamehe nitajaribu, Mama. Lakini siwezi kulala chini ya gari na yeye yuko juu."

Mburu alimpa kona kando ya karakana yake. Hapo hapakuwa na geti wala jina lililoandikwa popote. Wateja walikuja mmoja mmoja, wengi wakiwa hawajui lolote, na wachache wakiwa wamesikia hadithi ile nusu nusu, wengine kwa upande wa Lennox. Rosebella hakuzunguka kuisahihisha. Kuna siku alikaa mpaka mchana bila kushika spana, akajiuliza kama hakufanya haraka kuondoka.

Mahindi yalipokuwa yanavunwa, Probox nyeupe ilisimama mbele ya karakana, na Hellen, mke wa Mzee Kipkirui, akashuka.

"Mzee hajui nimekuja kwako," alisema. "Nataka tu ibadilishwe oili. Na uangalie pale ulitengeneza."

"Karibu, Mama. Keti, kuna kiti."

"Hapana, nitasimama. Nataka kuona."

Hellen alisimama karibu kabisa na boneti, mkoba kifuani, akifuata kwa macho kila mahali mkono wa Rosebella ulipoenda. Aliuliza hiki ni nini na kile ni cha nini. Alitaka kuona waya kwa macho yake, akaugusa, akaona umeshika. Hakukuwa na urafiki katika maswali yake. Alikuwa mtu aliyekwisha kudanganywa, na Rosebella alimwelewa. Alisogeza taa karibu na injini, akajibana upande mmoja, Hellen apate nafasi ya kuangalia.