Kibali cha Kumfuga Baba Oliva

Mwaka ule ushirika ulipoacha kununua mahindi na kila mtu akaambiwa ajitafutie soko, Benigna, mjane wa mtaa wa Lizaboni, alilundika magunia yake chumbani, na panya wakahamia humo humo. Alikuwa barazani anachambua maharage, marehemu mumewe, Otto, aliporudi. Alirudi akiwa nguchiro. Alikohoa kama alivyozoea kabla ya kuketi, akapanda kiti chake, akasubiri chakula.

"Umekawia," Benigna alimwambia, akaenda kusonga ugali.

Enzi za uhai wake Otto alikuwa mlinzi wa ghala la ushirika, na kazi aliikumbuka. Wiki haikuisha, panya wakawa wamekwisha. Majirani waliopita walimwamkia, "Shikamoo, baba Oliva," naye akainua mkia. Jumuiya ilipokuja kusali kwao, alijikunja chini ya benchi, akasinzia kwenye litania kama zamani.

Kosa lilikuwa la Jumuiya. Wale watu wakipata neema hawawezi kunyamaza, lazima itangazwe kanisani. Jumapili, baada ya matangazo ya ndoa, katibu alisoma kwamba familia ya marehemu Otto inamshukuru Mungu kwa baba kurejea nyumbani, akiwa nguchiro, mzima wa afya. Waumini wakapiga makofi. Polikarp, bwana nyama, afisa wa serikali wa wanyamapori, aliyekuwa akiimba besi kwenye kwaya, naye alipiga makofi, halafu akaikumbuka kazi yake.

Kesho yake alifika, kofia mkononi.

"Shikamoo, mama. Shikamoo, baba."

"Marahaba. Karibu ugali."

"Asante, mama. Nimekuja kwa ajili ya huyu mzee. Mnyama wa porini anayekula nyama hafugwi bila kibali."

"Simfugi. Kanioa."

"Ndoa iliisha alipofariki, mama. Hata padri nimemuuliza. Sasa ni mali ya serikali."

Benigna akasema basi ataomba hicho kibali. Polikarp akatazama chini. Vibali vilivyokuwapo, alisema, ni vya kuuza wanyama nje ya nchi tu, na aliyekuwa navyo ni Dastan, mwenye lori. Mzungu asiyemjua kabisa Otto angeweza kumfuga sebuleni kwake. Mkewe, hapana. Polikarp aliona aibu kulisema, lakini alilisema mpaka mwisho.

Asubuhi Benigna alimvisha mumewe sweta ambalo Oliva, binti yao, alilivaa alipokuwa mchanga, kwa sababu ya baridi ya huko Ulaya. Kwenye lori la Dastan vizimba vilijaa. Otto alikohoa, na kutoka kila kizimba wakamjibu kwa kikohozi. Benigna akamtambua karani aliyekuwa akiwapunja kwenye mizani kule Madaba. Sasa alikuwa fungo. Alimwamkia, na fungo akageuka akatazama pembeni.

"Asipewe chakula cha moto sana," Benigna alimwambia Dastan.

"Kibali kinasema kusafirisha tu, mama."

Lori lilipoondoka alilia kuliko siku ya mazishi. Siku ile angalau alijua mumewe anapelekwa wapi.

Jumapili katibu aliwaombea wasafiri, akamtaja Otto, mtu wa kwanza wa Lizaboni kwenda Ulaya. Zikapigwa vigelegele. Nje ya kanisa watu walimpa Benigna mkono wa hongera, na mama mmoja akamwomba, baba Oliva akishakaa sawa huko, amkumbuke kijana wake. Benigna aliitikia wote.

Nyumbani alikuta panya wameshatoboa gunia la kwanza. Akakiingiza chumbani kiti cha mumewe, akakikalia mwenyewe, akashika fimbo.