Kinyozi Agoma Kula

Mzee alipomkata bibi harusi msuko, tena wa mbele kabisa, mtaa mzima ulipata habari kabla nywele hazijafika sakafuni.

Hakuwa na nia mbaya. Maisha yake yote alikuwa kinyozi, na sasa akili ilipoanza kumtoka kidogo kidogo, mikono ilibaki inakumbuka. Binti yake, ambaye ni msusi, alikuwa akimkalisha kwenye kona ya saluni ili amwone huku anasuka. Siku hiyo aligeuka kuchukua kitana tu, akasikia mkasi: kwachu! Bibi harusi akapiga yowe, mashoga zake wakapiga yowe, na mzee akajikung'uta mikono na kusema, "Afadhali. Sasa sikio linaonekana."

Vicheko vilikuja baadaye. Siku hiyo vilikuwa vilio na kubembelezana, na msusi akakesha na uzi na sindano akiunga kilichokatwa.

"Dada, tunakupenda," mteja wake wa siku nyingi alimwambia walipobaki wawili, "lakini kukaa hapa mzee akiwa nyuma ya kichwa changu, sina amani. Mpeleke kule wazee wanakoshinda. Asubuhi unampeleka, jioni unamchukua."

"Watu watasema nimemtupa."

"Watu gani? Watu si ndio sisi hapa? Basi sisi tutasema umempeleka."

Kaka yake naye alipiga simu. Kaka huyo alikuwa bingwa wa ushauri wa simu, ingawa hakuwahi kumwogesha baba hata kidole cha mguu. "Jaribu huko," alisema. "Wakimkataa, funga saluni ukae naye nyumbani. Si wewe ndiye uliye karibu?"

Msusi alikata simu akabaki ameshika kitana kama mtu aliyeshika usukani wa gari lisilo na breki. Saluni ile ndiyo iliyowalisha yeye na baba yake. Tena, tuseme ukweli, ndiyo iliyomfanya aamke asubuhi akiwa na hamu ya kuamka. Kule ndiko alikocheka, ndiko alikojua nani kamwacha nani. Kukaa ndani kutwa nzima na mzee anayeuliza swali lilelile mpaka jua linazama, alijua angechakaa kabla yake.

Basi akampeleka. Mahali penyewe palikuwa nyumba ya chini yenye ukumbi mpana, madirisha makubwa, viti vya mikono vilivyopangwa ukutani, na redio iliyoimba taratibu. Msimamizi, mama mnene wa sauti ya upole aliyewahi kuwa muuguzi, alimpokea mzee kwa mikono miwili.

"Tunaanza na wiki ya majaribio," alieleza. "Tunachoangalia sana ni chakula cha mchana. Dawa zake ni za kumeza akiwa ameshiba, na mzee mwenye njaa huanguka. Asipokula hapa, hatuwezi kumbakiza. Nyumbani anakulaje?"

"Vizuri sana!" msusi alijibu haraka. "Anakaa mezani, ametulia kama mtu wa ofisini."

Uongo mtupu. Mzee hakuwahi kula amekaa. Kazini alikula kati ya kichwa na kichwa, amesimama, sahani ameiegesha dirishani, taulo begani, jicho moja kwa mteja anayefuata. Uzee ulipomvaa, taulo lilibaki begani na sahani ikabaki dirishani. Siku moja wifi ya msusi, mke wa kaka yake, alikuja kuwatembelea, akacheka mpaka akashika ukuta: "Jamani, baba anakula kama anakimbizwa na polisi!" Tangu hapo msusi aliona aibu kumsimulia mtu yeyote.

Siku ya kwanza mzee hakula. Ya pili hakula. Kila jioni alirudi nyumbani akasimama dirishani na kufagia sahani mbili.

"Baba, kule wanakunyima?" msusi alimwuliza.

"Kule wapi?" mzee alijibu, akaendelea kutafuna.

Siku ya mwisho ya majaribio, msimamizi alimwita msusi aje mwenyewe saa ya chakula. "Uone kwa macho yako," alisema, "usije ukadhani tumemchoka. Anafunga mdomo kabisa. Nadhani hajatupenda."

Msusi alisimama mlangoni mwa ukumbi. Wazee walikuwa wamekaa mezani. Mhudumu alipita nyuma yao akiwafunga vitambaa vyeupe shingoni ili wasichafuke. Mmoja wao, mzee mwenye tumbo ambaye wote walimwita Dereva kwa sababu alikuwa bado akiwaelekeza watu njia, alikuwa akilalamika: "Funga taratibu, binti, hiyo ni shingo, si tairi."

Mhudumu alifika kwa kinyozi. Akamfunga kitambaa.

Palepale mzee akaegemea nyuma. Akainua kidevu. Akafumba macho. Akavuta mdomo wa juu ndani, ukakaza juu ya meno, kisha akasukuma shavu moja kwa ulimi likatuna kama limeficha limau.

"Unaona?" msimamizi alinong'ona. "Kila siku hivyohivyo. Kijiko kikimkaribia anazidi kukaza."

Msusi aliona. Akaona pia kile ambacho asingekiona mtu ila aliyekulia kwa kinyozi, akifagia nywele chini ya viti. Kicheko kilimtoka kwa nguvu mpaka wazee wakageuka, na kabla hakijaisha kikageuka machozi.

"Hajagoma," alisema akijifuta kwa kiganja. "Anasubiri kunyolewa."

"Nini?"

"Mmemfunga kitambaa, mmemkalisha. Anamvutia fundi ngozi ili wembe usimkwaruze. Na nyie mnamletea kijiko!"

Mhudumu alishika mdomo. Dereva akagonga meza. "Ndiyo maana! Mimi nilidhani anaturingia."

Msimamizi alicheka naye, ila hakusahau kazi yake. "Basi tumtoe kitambaa, atakula?"

Hapo ilibidi msusi aseme. "Sikukwambia kweli, mama. Huwa hali chakula akiwa amekaa. Anakula wima, sahani dirishani, taulo begani. Niliona haya."

"Wima? Hapa wote wanakaa. Akianguka, nitamwambia nani?"

"Nisimame naye leo. Mkiona hafai, namchukua, sitawalaumu."

Msimamizi alimtazama mzee, bado ameinua kidevu kwa subira ya ajabu, akapumua. "Pale kwenye kona ya dirisha. Kuta ziko pande mbili. Na mhudumu akae ubavuni pake."

Msusi alifungua kitambaa, akatafuta taulo, akalitupia begani mwa baba yake. Mzee akafumbua macho. Akaligusa taulo, akainuka mwenyewe, akaenda dirishani kama mtu aliyechelewa kazini. Sahani ikawekwa. Akaangalia wali, akaangalia ukumbi, akaanza kula. Alikula haraka, kwa mkono mmoja, macho yanapita juu ya wazee waliokaa kwa mstari, kila mmoja na kitambaa cheupe shingoni. Uso wake ulikunjuka kama duka linalofunguliwa.

Alipomaliza akameza dawa bila ubishi. Akajifuta, akamwendea Dereva, akampangusa makombo shingoni kwa ncha ya taulo, polepole, kwa ufundi.

"Juu usiguse," Dereva alisema akiinamisha kichwa. "Zimebaki chache, zinanijua kwa majina."

"Tulia basi," mzee alimjibu. Ilikuwa sentensi yake ya kwanza katika ukumbi ule.

Msimamizi alimgusa msusi mkono. "Jumatatu mlete. Kona hiyo tutamwekea meza ndefu ya kusimamia."

Msusi alimshukuru. Akamsogelea baba yake amuage, akamshika kiwiko. Mzee akamgeukia, akamtazama muda, na kwa mara moja ile alijua ni nani, maana alimwita kwa jina alilomwitia tangu utotoni.

"Mama, mbona umesimama hapa?" alisema, akimsukuma kwa upole kuelekea mlangoni. "Nenda kazini kwako. Huoni nimejaa watu?"