Maji Juu ya Gari la Khuzwayo

Jumapili ile nilifika karakana yangu ya kung'arisha magari asubuhi, nikamkuta mfanyakazi wangu Baba Cele anapangusa gari la Khuzwayo kwa kitambaa kikavu.

Kitambaa ndicho nilichokiona kwanza. Kisha nikaona boneti. Jua la Umlazi lilikuwa limeshavuka ukuta wa jirani na kuliangukia gari, na pale mwanga ulipopiga rangi nyeusi palikuwa na mikwaruzo myembamba isiyohesabika, imejizungusha kama utando wa buibui. Jana yake haikuwapo. Nilikuwa nimelikagua gari mbele ya mwenyewe, paneli kwa paneli.

"Baba Cele, weka chini hicho kitambaa."

"Namalizia mlango huu, binti yangu."

"Weka chini."

Aliweka. Hakuwa mjinga wala mvivu. Alijua kwamba vumbi likiburutwa juu ya rangi kavu linafanya kazi ya msasa. Miaka yote niliyofanya naye kazi hakuwahi kugusa gari jeusi bila maji mengi. Lakini gari hili lilikuwa limetoka makaburini, na baada ya mazishi mganga aliyeletwa kutoka Nongoma alilinyunyizia intelezi, maji ya dawa yanayomkinga mwenye gari na maadui zake. Khuzwayo alituachia maagizo mawili: ling'ae, na lisiguswe na maji. Nilimwambia hayo mawili hayaendi pamoja. Alikuwa ameshanipa mgongo.

Khuzwayo alikuwa mwenyekiti wa chama cha wenye teksi za abiria. Aliyezikwa Jumamosi alikuwa mweka hazina wake, aliyepigwa risasi kituoni mchana kweupe. Jumapili hiyo alasiri Khuzwayo alitakiwa kukutana na chama cha upande wa pili huko Inanda ili wapatane, na hakutaka kuonekana kama mtu aliyetikiswa. Mwaka uliotangulia, fundi mmoja wa mabodi aliyechelewesha gari lake alirudi nyumbani na mikono yote miwili imevunjwa. Kila mtu alilijua jambo hilo na hakuna aliyeshtaki.

"Mlinzi wake ameona?" niliuliza kwa sauti ya chini.

Baba Cele alitazama getini. Pale, juu ya kreti ya bia iliyopinduliwa, alikaa Skhumbuzo, mlinzi aliyeachwa na gari. Alikuwa amejifunika mapaja kwa jaketi, ingawa kulikuwa na joto.

"Ameniona napangusa. Akanisifu. Kasema nina adabu, sijaleta ndoo." Midomo yake ilikuwa imepauka. "Nilifikiri nikigusa kidogokidogo haitadhuru. Ningefanyaje? Nilimwagie maji gari lenye dawa ya mtu?"

Nilizunguka gari. Boneti, paa, milango miwili ya upande wa kushoto. Katika zile alama za matone yaliyokauka niliona chembe za kijivu. Nilizisugua kati ya vidole na zilikwaruza. Majivu. Mganga alikuwa ametia majivu ndani ya dawa, na juu ya majivu kulikuwa na vumbi la makaburini. Haukuhitajika mkono mzito kuikwaruza rangi.

Kuondoa mikwaruzo ya namna hiyo si siri. Rangi ya gari ina tabaka la juu la vanishi, na mikwaruzo imo ndani ya tabaka hilo. Unalipunguza kwa mashine na polishi mpaka chini ya mikwaruzo, kwa kiasi kidogo sana, na unasimama kabla vanishi haijaisha. Lakini kabla ya mashine lazima uoshe. Ukipitisha mashine juu ya majivu utazidisha madhara mara kumi. Ipo pia njia ya uongo: kupaka nta nzito inayojaza mikwaruzo ili isionekane mpaka mvua ya kwanza. Lakini hata nta haipakwi juu ya uchafu. Kila njia ilianzia kwenye ndoo ya maji.

"Tuoshe haraka, huku nyuma," nilisema.

Baba Cele alinishika kiwiko, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. "Hlengiwe. Nisikilize. Leo wakimpiga risasi huko Inanda, watauliza nini? Watauliza nani aliiondoa dawa. Watasema wale wa upande wa pili walituhonga. Mimi na wewe. Watakuja mpaka nyumbani."

Mimi siamini kwamba maji yanazuia risasi. Nilisomea kemia na nilifanya kazi katika kiwanda cha rangi kabla ya kufungua karakana hii. Lakini alichosema kilikuwa kweli tupu. Haikuwa lazima dawa ifanye kazi. Ilitosha Khuzwayo na watu wake waamini kwamba inafanya kazi. Tukiliacha hivyo, mikono yetu. Tukiliosha kwa siri, pengine roho zetu.

Nilikwenda getini mara moja, kabla sijabadili nia.

"Kaka, nataka kuzungumza na mzee."

"Mzee anakula." Skhumbuzo hakuinua kichwa. "Kuna nini, dada mkemia? Gari limekushinda?"

"Lina mikwaruzo. Linahitaji maji."

Sasa aliinua kichwa. Aliinuka, akaliendea gari, akainama usawa wa boneti.

"Mama yangu! Nani kafanya hivi?"

"Karakana yangu," nilisema.

"Wewe una kichaa. Na mimi nilikuwa nimekaa hapa hapa!" Alitoa simu, akaibonyeza, kisha akanisukumia kama kitu kinachounguza. "Ongea wewe. Mimi nina watoto."

Khuzwayo alipokea. Nilisikia kijiko kikigonga sahani. Nilimweleza kwa mpangilio: kilichotokea, kwa nini, na kinachotakiwa. Sikumtaja Baba Cele.

"Inaonekana?" aliuliza.

"Kivulini hapana, baba. Juani mtu ataiona akiwa ng'ambo ya barabara."

Nilimsikia akiweka kijiko chini. "Wale wa Inanda watanisubiri nje ya ukumbi. Juani."

"Ndiyo, baba."

"Watasema Khuzwayo kaanza kuchakaa." Alipumua. "Na wewe, msomi, unafikiri katika maji ya Nongoma kuna nini?"

Hapo ningeweza kusema sijui.

"Majani ya mshubiri na majivu, baba. Majivu ndiyo yaliyokwaruza."

"Hivyo tu?"

"Hivyo tu ninavyovijua."

Kijiko kiligonga sahani tena. "Osha," alisema. "Na asijue mtu mwingine."

Tuliliingiza gari kivulini. Tulilimwagia maji bila kuligusa mpaka majivu yakaanza kushuka yenyewe kwenye sakafu kama maji ya ugali. Baba Cele aligeuka pembeni na kunong'ona majina ya mababu zake. Kisha ndoo mbili, moja ya sabuni na moja ya kusuuzia, kutoka juu kwenda chini, kwa mistari iliyonyooka. Tulikausha kwa kugandamiza taulo, bila kuburuta. Nilipima unene wa rangi kila paneli. Ukingo wa paa ulikuwa mwembamba, nikaubandika utepe nisiusogelee. Nilianza na eneo dogo la boneti, nikafuta mabaki ya polishi kwa spiriti ili mafuta yake yasinifichie mikwaruzo, nikamulika kwa tochi. Palikuwa safi. Niliendelea polepole, na kila gari lililopunguza mwendo barabarani lilinifanya niinue mashine. Nilikuwa naizima, nasubiri, naiwasha tena.

Khuzwayo alifika kabla ya wakati, peke yake, kwa gari la mkwewe. Alikuwa mfupi kuliko alivyoonekana Jumamosi. Aliagiza gari jeusi litolewe juani, akalizunguka mara mbili na mikono nyuma, akainama kwenye boneti, akainama kwenye paa. Lilikuwa jeusi kama kisima. Ulimwona yeye ndani yake na mawingu juu ya kichwa chake, na hapakuwa na mkwaruzo hata mmoja.

"Kazi nzuri," alisema. Kisha akafungua mlango wa abiria wa mbele. "Panda."

Sikuelewa. "Baba?"

"Wewe ndiye uliyesema ni majani na majivu. Hujaniondolea kitu, sivyo? Basi huna cha kuogopa. Panda hapo mbele, twende Inanda."

Baba Cele alivua kofia. "Nichukue mimi, Mzee Khuzwayo. Nilipangusa mimi. Kosa ni langu."

"Wewe unaogopa, babu. Sitaki anayeogopa akae karibu yangu." Alinitazama. "Huyu haogopi. Amesoma."

Skhumbuzo alikuwa ameshaingia nyuma. Alitazama miguu yake.

Nilipanda. Kukataa kungekuwa kukiri kwamba nilimwondolea kinga yake, na hilo Khuzwayo alilijua alipoufungua mlango. Alipogeuza funguo nilijaribu kufikiri kwa namba. Magari mangapi hupita barabara ile, mangapi kati yake yana mtu mwenye bunduki. Sikuwa na takwimu, na kwa wenyeviti wa teksi zisingekuwa nzuri.

Tulishika barabara kuu. Tulipokaribia Inanda taa zilitushika kwenye nyekundu. Teksi nyeupe, isiyo na abiria, ilisimama kando yetu, upande wangu. Kioo chake kilianza kushuka. Nyuma yangu Skhumbuzo aliondoa jaketi juu ya bunduki iliyokuwa mapajani. Niliona uso wangu kwenye kioo cha pembeni, na sikuutambua. Nilitaka kujikunja chini ya dashibodi, lakini mwili haukunitii.

Dereva wa teksi alitoa kichwa nje. Alikuwa kijana mwenye jino la dhahabu. Alilitazama gari kutoka mbele mpaka nyuma, bila haraka.

"Yebo, mzee!" alipaza sauti. "Limetoka dukani leo?"

Khuzwayo aliinua kidole kimoja kujibu. Taa ikawa kijani na teksi ikatangulia.

"Unaona?" alisema. "Majani na majivu."

Alicheka kidogo, lakini hakuliondoa gari. Nyuma yetu watu walianza kupiga honi. Niligeuka kumtazama: jasho lilimchirizika kutoka kwenye sikio hadi ndani ya kola nyeupe, na mkono wake ulikuwa umeng'ang'ania gia.

"Baba, ni kijani," nilisema.

"Nimeona." Alipangusa kiganja kwenye suruali, akaingiza gia. "Tukimaliza mkutano utarudi na mimi. Hapo hapo ulipokaa. Dawa nyingine sina."