Mkono wa Hawaye

Hakuna mwanamke aliyewahi kumwendea Kaltuma kutaka siri ya nywele akarudi mikono mitupu. Walikuja wa mtaa wa pili, walikuja wa Abeshe, wengine walishuka kwenye malori kutoka Njamena na vichwa vilivyobabuliwa na dawa za dukani, naye aliwakalisha mkekani akawaeleza yote. Chebe, hii mbegu ya kukuzia nywele, ikaange kwa moto mdogo, usiiache iungue. Itwange na karafuu na kokwa za mahalebi zinazonukia, uichekeche mara mbili. Nywele zilowe maji kwanza, kisha mafuta, kisha unga, halafu usuke, ukae siku tano usiziguse. Kunywa maziwa. Kula ufuta na bamia, na tende ukizipata, maana nywele zinalishwa kwa kinywa kabla ya kupakwa kwa kiganja. Lala umejifunga kitambaa. Usichane nywele kavu hata kama bwana harusi amesimama mlangoni.

Na zaidi ya yote, usipake kwenye ngozi. Acha vidole viwili kutoka kwenye shina, uanzie hapo ushuke mpaka nchani. Ngozi ikizibwa itawasha, ikiwasha utajikuna, ukijikuna utatoka vidonda, na penye kidonda hapaoti kitu.

Hilo la ngozi alilirudia mara tatu, nne, mpaka wageni wakachoka kuitikia. Wakadhani ni ukarimu wake. Kumbe mwenzao roho ilikuwa inamsuta. Katika maisha yake yote alimdanganya mtu mmoja tu juu ya nywele, na mtu huyo alilala chumba cha pili, ua uleule.

Haggar, mumewe, mfanyabiashara wa ng'ombe, alipomleta Hawaye, mke wa pili, kutoka kwao ziwani Fitri, Kaltuma alikuwa na wavulana wawili na nywele zinazofika kiunoni. Hakulia wala hakuvunja sahani. Alimpikia mgeni, akamtandikia. Kilichomkata maini ni mdomo wa Dije, dada yake Haggar, ambaye ndiye aliyekuwa shoga yake wa kusukana.

"Mmeziona nywele za huyu mtoto?" Dije alisema mbele ya wanawake wote, chai mkononi. "Zinagusa mabega na hazijawahi hata kunusa chebe! Akianza leo, Kaltuma, miaka miwili haipiti wewe ndiye utamwita dada!"

Wanawake walicheka. Kaltuma naye alicheka, lakini kicheko kiliishia kwenye meno. Mume alikuwa ameshagawanywa, nyumba imegawanywa, hata kuku wamegawanywa. Alikuwa amebakiwa na kitu kimoja cha kumfanya awe wa kwanza.

Siku chache baadaye Hawaye alimfuata jikoni. Alikuwa na miaka kumi na minane, na adabu zake zilikuwa za mtu aliyeonywa na mama yake kabla ya kuondoka kwao: ukitaka kujua jambo, muulize mkubwa wa nyumba, usitoke kuuliza majirani ukaivua nguo nyumba ya mumeo.

"Dada, nifundishe na mimi. Kwetu tunapaka mafuta ya ufuta tu, mengine tunamwachia Mungu."

"Kaa hapo."

Kaltuma alimfundisha kukaanga, akamfundisha kutwanga, akamfundisha kuchekecha. Hawaye alikuwa mwepesi wa kushika, na mchi ulitua kinuni kwa mapigo mazuri. Kisha akauliza, "Sasa nikishachanganya, naanzia wapi?"

"Kwenye ngozi," Kaltuma alisema. "Sugua mpaka iingie. Ikikuwasha, ujue inafanya kazi."

Wiki moja tu, alijiambia. Ajikune wiki moja, nimcheke kidogo, halafu nitamrekebisha. Lakini wiki ilipokwisha Hawaye alimletea mtindi kwenye kibuyu kumshukuru. "Inawasha kweli, dada! Kumbe dawa ina nguvu!" Utamrekebishaje mtu aliyekuletea mtindi? Utasema ulikosea? Kaltuma, ambaye mji mzima ulijua hakosei? Akaupokea mtindi, akaunywa.

Hawaye alisugua miezi minne. Alijifungia chumbani mwake kila siku ya tano, peke yake, kwa aibu ya kichwa kisichokubali dawa. Vidonda vikatoka, vikakauka, vikatoka tena. Nywele zikaanza kubaki kwenye kitana, kisha kwenye mto, kisha mabaka yakaonekana juu ya masikio. Siku moja akaweka kitana kando, akajifunga shela yake kubwa, akavuta upindo mpaka kwenye nyusi. Hakulaumu mtu. Alisema tu, "Kichwa changu kimekataa, dada," kama mtu anayeomba radhi. Haggar, ambaye vita vyote hivi vilipiganwa kwa ajili yake, hakujua tofauti ya msuko na kamba ya ng'ombe. Hakuuliza hata siku moja kuna nini chini ya shela.

Kama ingekuwa hapo tu, pengine Kaltuma angezeeka na dhambi yake akaizoea. Lakini Hawaye alizaa mtoto wa kike, Nejma, na mtoto akaota nywele nyingi, nyeusi, za kushikika. Kaltuma alikuwa amemwomba Mungu binti mpaka akachoka. Nejma alipofika miaka minne, akamkalisha katikati ya magoti yake akaanza kumpaka chebe na kumsuka, kwa mchezo tu, huku Hawaye amechuchumaa pembeni akitazama. Na mtu akitazama, huona.

"Dada," Hawaye alisema taratibu. "Mbona hapo humpaki kwenye ngozi?"

Kaltuma aliacha kusuka. Mlango wa kusema kweli ulikuwa wazi. Angesema neno moja tu, *nilikudanganya*, Hawaye angelia, angenuna mwezi mzima, na yangekwisha. Badala yake alijisikia anasema, kwa sauti ya mtaalamu:

"Kila kichwa na njia yake. Chako kilikuwa kikavu, kilihitaji kusuguliwa. Na si kichwa tu, mdogo wangu. Kuna mikono inayokuza na mikono inayokausha. Si kosa lako, umeumbwa hivyo. Mimi ningekuwa wewe, nisingemshika mtoto kichwani."

Hawaye aliitazama mikono yake, kwanza viganja, kisha migongo. Akaiingiza chini ya shela.

Tangu siku ile hakugusa tena kichwa cha mwanawe. Kila siku ya tano alitwanga unga akauchekecha, na hakukuwa na unga laini kama wa Hawaye mji mzima, kisha akaleta bakuli, akaliweka chini kwa uangalifu, akarudi nyuma hatua mbili. Nejma alipoanguka akapasuka paji la uso, Hawaye alimkumbatia kiunoni na kumwita Kaltuma aje amfute damu karibu na nywele. Mtoto akazoea. Yaliyomkera yote aliyasimulia akiwa katikati ya magoti ya Kaltuma, maana kichwa kikishikwa ulimi hufunguka: mwalimu mkali, shoga mwenye kisirani, hedhi ya kwanza, kijana wa duka la vitambaa aliyekuwa akimpunguzia bei. Mama yake aliyapata baadaye, yamepoa, kwa mdomo wa Kaltuma.

Ndiyo, Kaltuma alikuwa na furaha. Hilo ndilo lililokuwa baya kuliko yote. Alikuwa na furaha miaka kumi na tano, na kila alipomaliza msuko na Nejma akageuka kumbusu kiganja, aliona kwa pembe ya jicho shela ile imekaa kimya kwenye kona.

Kijana wa vitambaa alileta posa. Katika ukoo wa Haggar bibi harusi husukwa na wanawake wote wa nyumba, lakini msuko wa kwanza, ule wa utosini, huanzishwa na mama mzazi. Bila huo, hakuna anayegusa kitana. Kwa hiyo siku ya kusuka, jua halijapanda vizuri, chumba kimejaa wanawake na moshi wa udi, Dije alipiga makofi.

"Haya, mzazi yuko wapi? Hawaye! Njoo uanze, wenzako tuna njaa, na huyu mtoto ana nywele za kusuka mpaka kesho!"

Hawaye alikuwa amesimama mlangoni na bakuli la unga. Akaliweka chini. "Dada ataanza," alisema.

"Dada kamzaa?" Dije alimrushia. "Acha mzaha, mwanamke. Uchungu uliumwa na nani?"

"Mkono wangu si mzuri." Alisema hivyo akitabasamu, kama kwamba ni jambo linalojulikana na wote. "Nisije nikamharibia mtoto nyumba yake. Dada, tafadhali. Mimi nitatazama."

Nejma naye, amekaa kwenye kigoda, nywele zimefumuliwa mpaka sakafuni, alinyoosha mkono kwa Kaltuma. "Mama mkubwa, njoo bwana, miguu inakufa ganzi."

Kaltuma alishika kitana. Kwa muda mfupi moyo wake uliruka kwa furaha, lazima isemwe. Kisha akaiona mikono ya Hawaye ikijificha chini ya shela, taratibu, kama ilivyojificha siku ile, na kitana kikamwia kizito.

"Hawaye," alisema. "Njoo jikoni mara moja."

Huko jikoni, katikati ya masufuria ya harusi, alisema yote. Hakuyazungusha, maana angeyazungusha yangemshinda. Alisema ngozi haipakwi, kichwa chochote kile. Alisema alijua. Alisema alimwonea kijicho.

Hawaye alisikiliza akitazama moto. Aliinua mkono akagusa shela juu ya sikio, pale palipokuwa na baka, akaushusha.

"Kichwa si kitu," alisema. "Shela nimeshaizoea." Kisha akageuka. "Na mkono?"

Kaltuma alisogeza sufuria lisilohitaji kusogezwa.

"Nakuuliza, dada. Mkono unaokausha. Na huo?"

"Hakuna mkono wa hivyo. Niliutunga palepale nilipokaa."

Alingoja kofi. Alingoja matusi, na angeyapokea kwa shukrani. Hawaye hakutoa hata moja. Alijimwagia maji mikononi, akaosha kidole kimoja kimoja, akajifuta kwa upindo wa nguo. Machozi yalikuwa yanamtoka bila sauti na hakuhangaika nayo.

"Nipe kitana," alisema. "Na usiingie mle ndani."

Kaltuma alibaki nje ya mlango, amesimama kwenye jua kama mtu aliyekuja kuomba kazi. Alisikia Dije akipiga kigelegele, "Mama yake huyo!" Alisikia Nejma akiuliza, "Mama mkubwa yuko wapi?" na Hawaye akijibu, "Leo nitaanza mimi." Kisha kukawa kimya. Kimya kirefu mno kwa msuko mmoja. Kaltuma mwenyewe angeumaliza kabla chai haijapoa. Vidole vyake vilikuwa vinatembea vyenyewe ubavuni mwake, gawanya mara tatu, shika, pitisha, na alijua kwamba mle ndani mwanamke wa miaka thelathini na saba anajifunza kugawanya nywele mbele ya wakwe. Ukweli alikuwa amemrudishia. Miaka kumi na tano ya kuzoea hakuwa nayo ya kumrudishia.

"Anza upya, hapo umepotea," Dije alisema, safari hii kwa sauti ndogo.

Kitana kilikwama. Kaltuma alikisikia kikivutwa, na akafumba macho. Nejma hakuwahi kuvumilia kuvutwa nywele. Ukimgusa vibaya kidogo tu, alipiga yowe mtaa mzima ukajua.

"Nakuumiza, mwanangu?" Hawaye aliuliza.

"Hapana, mama," Nejma alisema. "Huniumizi. Endelea tu."