Dobi wa Ikulu

Kanbei alikuwa mchoraji hodari pale Edo, jiji la Japani ya zamani, ila alikuwa na ugonjwa mmoja: kusema "sijui" kulimshinda. Kwa hiyo mchapishaji wake, mzee Shinzaemon, alipomletea shairi la kale la bibi mmoja wa ikulu alichoree picha, Kanbei aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyelinyonya pamoja na maziwa ya mama.

"Hili liko wazi," alisema.

Alipobaki peke yake alilisoma mara kumi. Bibi alisema mikono ya vazi lake imelowa, na hata jua la asubuhi halikuikausha. Basi. Kanbei hakuambulia kitu. Mwishowe akaenda kwa jirani yake Otose, mjane aliyekuwa dobi.

"Nguo ikikataa kukauka huwa ina nini?"

Otose hakuinua macho kutoka kwenye beseni. "Hukuikamua vizuri, au umeianika kivulini. Ya nani?"

"Ya bibi mmoja wa ikulu."

"Wale hawajakamua hata leso. Mwambie aanike upande wa kusini."

Kanbei akarudi mbio kuchora: mwanamke kajishika kiuno, analikodolea macho vazi refu juu ya mwanzi, na wingu laja. Kwa haraka zake akampa uso wa Otose, pua na vyote. Mchongaji akachonga mbao sita za kuchapia, moja kwa kila rangi, na picha mia mbili zikachapwa kabla Shinzaemon, aliyekuwa safarini kuhiji, hajarudi.

"Kanbei," mzee alisema taratibu, "bibi huyu anamlilia mpenzi wake. Nguo imelowa machozi."

"Machozi yapo, mzee. Yamo ndani ya wingu."

"Usinitie wazimu."

Hata hivyo, roho ilimuuma mzee kuzitupa. Akazitundika dukani, nyuma ya kalenda. Kesho yake akaingia mwalimu wa ushairi na wanafunzi wake, akaiona moja, akacheka mpaka akashika nguzo. Akawaeleza kuwa huo ni utani wa hali ya juu: mchoraji amemtoa bibi ikulu akamshusha kisimani.

Kanbei, aliyekuwepo, akainama kwa unyenyekevu. "Mwalimu umeng'amua."

Picha zikaisha kwa wiki moja. Madobi wa ng'ambo ya mto walinunua kuliko washairi.

Otose naye akaja na yake mkononi. "Pua hii ya nani?"

"Ya ikulu."

"Kanbei."

"Ni yako, dada."

Ikabidi amweleze maana halisi ya shairi. Otose akaitazama tena picha. Mumewe alikuwa na miaka minne kaburini.

"Mimi nililia kwenye kitambaa," alisema. "Mikono ya nguo ni taabu kufua. Ila namwelewa."

Shinzaemon, aliyekwisha kujua wazo lilitoka kwa nani, alipotaka picha nyingine kumi na moja, mashairi aliyapeleka moja kwa moja kwa Otose. Kanbei aliketi kando ya beseni na brashi yake, akingoja kuambiwa, na kila alipojifanya ameshaelewa alirushiwa maji ya majivu ya kufulia.